Kusaga mawe ya risasi, fedha na zinki: je, mtambo wa dhahabu unafaa?

FundiWaKaranga (Moshi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Karakana yetu ipo Karanga, hapa Moshi, na kazi tuliyoizoea ni kutengeneza mashine za kusaga na kukoboa mahindi pamoja na makarasha ya mawe ya dhahabu ambayo wateja wetu huyapeleka Kanda ya Ziwa. Hivi karibuni amekuja mteja mwenye leseni ndogo ya uchimbaji upande wa Mpanda, akiwa na magunia ya mawe mazito ya kijivu yenye kung'aa na karatasi ya maabara inayoonyesha kwamba mawe hayo yana risasi, zinki na kiasi fulani cha fedha. Anataka tumtengenezee mtambo wa tani moja kwa saa, ambao mawe yataingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa laini kama unga wa sembe.

Mchoro nilioanza nao ni ule ule wa dhahabu, yaani karasha la taya la kuvunjia mawe, kisha kinu cha gololi kinachosaga makavu hadi kila kitu kipite kwenye ungo mwembamba. Mteja anasisitiza kwamba kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo madini yatakavyopatikana kwa wingi, na kwa dhahabu jambo hilo tumeliona kuwa kweli mara nyingi. Hata hivyo, nilipovunja vipande vichache kwa nyundo niliona kwamba sehemu ya kijivu inapasuka kirahisi sana katika vipande vidogo vya pembe nne na kuacha vumbi zito, ilhali jiwe jeupe lililoishika linagoma. Jambo hilo limenifanya nisite kukata bamba kabla ya kuuliza.

Naomba kuelekezwa na wenye uzoefu wa uchenjuaji. Mawe ya aina hii yanapaswa kusagwa hadi ulaini gani? Kinu kisage kikavu au kwa maji? Kasi ya kinu na nguvu ya mota hukadiriwaje? Mteja pia ana mashine ya mahindi ambayo haitumiki kwa sasa, naye anauliza kama tunaweza kusagia humo sampuli za majaribio ili kuokoa gharama.

MchenjuajiNjiro (Arusha)

Ndugu Fundi, umefanya vyema kusita, kwa sababu ulichokiona chini ya nyundo yako ndicho kiini cha suala zima. Katika jiwe hilo wamo wakazi wasiofanana hata kidogo. Galena, ambayo ndiyo sehemu ya kijivu inayobeba risasi na kwa kawaida sehemu kubwa ya fedha, ina ugumu wa 2.5 tu kwenye kipimo cha Mohs na uzito wa mara 7.5 ya maji. Sfaleriti inayobeba zinki ina ugumu wa 3.5 hadi 4 na uzito wa mara 4 hivi. Kwatzi, lile jiwe jeupe lililogoma, ina ugumu wa 7 lakini uzito wake ni mara 2.65 pekee. Ukiwatia wote katika kinu kimoja na kuwasaga mpaka kwatzi ilainike, galena itakuwa imeshageuka vumbi zamani, na vumbi hilo ndilo litakalokupotezea risasi na fedha ya mteja wako.

Mazoea ya dhahabu yanapotosha hapa, nami nalisema hili kwa uzito kwa sababu mafundi wengi wa kanda hii wamejifunzia kwenye dhahabu. Dhahabu ni metali inayonyumbulika, kwa hiyo ukiendelea kuisaga hujikunja na kubapa, na mara nyingi bado unaweza kuikamata. Galena haina tabia hiyo. Ni dhaifu na hupasuka kwa kufuata nyuso zake za asili, ndiyo maana uliona pembe nne, na kila gololi inayoigonga huzidi kuitawanya. Punje za galena zikishuka chini ya mikroni 5 hadi 10 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mapovu ya mtambo unaoyafanya madini yaelee juu ya maji hushindwa kuzikamata vizuri, na meza ya kutikisa iliyofungwa pembeni huzipoteza mapema zaidi, kwani maji huzibeba kabla hazijatulia.

Lengo la kusaga ni kumwachanisha kila mkazi na jirani yake. Ulaini unaozidi hapo ni hasara ya madini na ya umeme kwa pamoja, na kiwango chenyewe huamuliwa na ukubwa wa punje zilivyolala ndani ya jiwe. Broken Hill, Australia, ambako madini yaligunduliwa mwaka 1883, galena ilikuwa na punje kubwa kiasi kwamba kwa miaka mingi risasi ilitenganishwa kwa uzito tu, kwa majigi (vyombo vinavyopandisha na kushusha maji ili punje nzito zitulie chini) na meza, huku zinki ikitupwa pamoja na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa. Mamilioni ya tani za marudio hayo yalirundikana hadi njia ya povu ilipopatikana mwanzoni mwa karne ya 20 na kuyarudisha kwenye kazi. Katika nchi hiyo hiyo, mashapo ya McArthur River yaligunduliwa mwaka 1955 lakini mgodi ulianza mwaka 1995, kwa kuwa punje zake zimeshikamana kwa udogo wa ajabu na hapakuwa na kinu cha kuzisaga kwa gharama inayobebeka hadi vinu vya kukoroga vilipowezesha kufika mikroni 7. Madini ni yale yale ya risasi na zinki, ila mawe yanadai kazi mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo yeyote atakayekutajia ulaini sahihi wa mawe ya mteja wako bila kuyapima atakuwa anabahatisha.

Sasa kuhusu umeme. Wachenjuaji hutumia kanuni ya Fred Bond ya mwaka 1952, ambayo huchukua ugumu wa jiwe kwa kusagwa na kuuhusisha na ukubwa wa punje zinazoingia na zinazotoka. Tuchukue jiwe lenye kipimo cha Bond cha 12 (si kile cha Mohs), ambacho si kigeni kwa mawe ya risasi na zinki. Kulivunja kutoka milimita 400 hadi milimita 10 kunadai kilowati-saa moja hivi kwa tani. Kulisaga kutoka milimita 10 hadi asilimia 80 ya punje zipite mikroni 150 kunadai kilowati-saa 8.6, hadi mikroni 75 ni 12.7, na hadi mikroni 40 inakaribia 18. Utaona kwamba kuvunja ni rahisi na kusaga ni ghali, kwa hiyo kila milimita unayoweza kuishusha kwa karasha kabla ya kinu ni umeme uliookoa.

Kwa mchoro wako ningeshauri karasha la taya lifuatwe na chekeche lenye matundu ya milimita 10 hadi 12. Kinachobaki juu kiende kwenye karasha la pili, ambalo kwa kiwango cha tani moja linaweza kuwa la magurudumu mawili yanayobana jiwe katikati, kisha kirudi kwenye chekeche. Karasha la nyundo nalikataa waziwazi kwa kazi hii, kwa sababu hupiga kwa kasi kubwa na kuipondaponda galena, na kwatzi nayo itazila nyundo zake upesi. Kinu kipokee mawe ya milimita 10 kushuka chini, kisage kwa maji, na tope linalotoka lipite mahali pa kuchambua ukubwa ili punje kubwa pekee zirudi kusagwa.

Hapo kwenye kuchambua ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni. Wakitumia saikloni, chombo kinachochambua punje kwa mzunguko wa maji, saikloni haiangalii ukubwa peke yake bali uzito pia. Ukikokotoa kwa kanuni ya uzamaji katika maji, punje ya galena yenye mikroni 40 huzama kwa kasi ya punje ya kwatzi yenye mikroni karibu 80. Maana yake ni kwamba kwatzi ya mikroni 70 itatoka nje kama kitu kilichokwisha kusagwa, ilhali galena ya mikroni 40, ambayo pengine ilishaachana na jirani zake zamani, itarudishwa kinuni kusagwa tena na tena. Ndiyo sababu migodi mingi ya risasi huweka seli ya povu au jigi katika mzunguko huo huo wa kusaga, ili galena inayoachana mapema iondolewe kabla haijarudi. Kwa mtambo mdogo kama wako, chekeche laini linalotikisika linafaa zaidi kuliko saikloni kwa kuwa linaangalia ukubwa tu, na jigi dogo likae mara baada ya mdomo wa kinu.

MzeeWaMererani (Mererani)

Vijana wangu, nimeyasoma maelezo na nayaheshimu, lakini mnasahau mazingira ya wachimbaji wadogo. Huku kwetu maji huletwa na boza, na siku boza lisipofika kazi husimama. Mtambo wa maji unapendeza kwenye karatasi, ila mchimbaji mwenye leseni ndogo ataweza kununua maji ya kusagia kila siku? Usagaji mkavu ndio uliotulea sisi.

Jambo la pili ninalotaka Fundi alizingatie ni uchambuaji wa mkono. Jiwe la kijivu na jiwe jeupe yanatofautiana kwa macho na kwa uzito mkononi. Yavunjwe kwanza kwa karasha la taya hadi ukubwa wa ngumi au yai, yapite juu ya mkanda unaokwenda polepole, na watu wayachague: jeupe tupu litupwe, kijivu tupu kiwekwe peke yake, na mchanganyiko pekee ndio uende kinuni. Mtasaga nusu ya mawe na kupata madini yale yale.

MchenjuajiNjiro (Arusha)

Shikamoo Mzee. Kuhusu uchambuaji wa mkono nakubaliana nawe moja kwa moja, na nilipaswa kuutaja kabla ya karasha la pili, maana jiwe tupu lisiloingia kinuni ndilo rahisi kuliko yote kulisaga. Naongezea sharti moja: kabla ya kutupa jeupe, vipande vyake vichache vipelekwe maabara, kwa sababu sfaleriti huwa na rangi nyingi, kuanzia ya asali hadi nyeusi, na ile yenye chuma kidogo inaweza kupita machoni pa mchambuaji kana kwamba ni jiwe la kawaida. Mchambuaji pia anahitaji glavu na maji ya kunyunyizia mkanda.

Kuhusu maji, naomba niwe na msimamo tofauti. Tope la kinu huwa na mawe asilimia 65 hadi 75 kwa uzito. Tukichukua 70, tani moja ya mawe inahitaji lita 430 hivi za maji kinuni. Hatua za jigi na povu huongeza maji mengine juu ya hayo, lakini sehemu kubwa haipotei: ukijenga mabwawa mawili ya kutulizia tope, maji ya juu hurudi kwenye kinu, na kinachonunuliwa kila siku ni kile kilichokauka juani au kubaki ndani ya marudio. Usagaji mkavu haukuondolei hitaji hilo, kwa kuwa unga huo utahitaji maji tu utakapofika kwenye kutenganishwa. Utakuwa umeyaahirisha maji, na katika kuyaahirisha umezalisha vumbi la risasi.

AfyaKazini (Arusha)

Naomba kuingilia hapo hapo kwenye vumbi, kwa sababu nimelisoma swali la Fundi kuhusu mashine ya mahindi na sikuweza kulipita kimya.

Ndugu yangu Fundi, tafadhali sana, mawe hayo yasiingie kwenye mashine ya mahindi, hata kwa sampuli ya kilo moja, hata kama mteja anaahidi kwamba mashine haitasaga chakula tena. Mashine huuzwa, huazimwa, na vipuri vyake huhamishwa kwenda mashine nyingine. Risasi inayobaki kwenye mianya ya chekeche na kwenye mfuko wa vumbi haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupitisha pumba. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, wanakijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi, baadhi yao wakitumia mashine za kusagia nafaka na kufanya kazi hiyo katika maboma yao wenyewe. Watoto zaidi ya 400 walifariki. Wale watu walitafuta dhahabu tu. Risasi ilikuwa mgeni asiyetambuliwa ndani ya jiwe. Mteja wako anayo karatasi ya maabara mkononi, kwa hiyo hana kisingizio hicho.

Karibu nasi zaidi kuna Kabwe, Zambia, ambako risasi na zinki zilichimbwa na kuyeyushwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Mpaka leo udongo wa mitaa inayouzunguka una risasi, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa kwake wanakutwa na sumu hiyo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu mwili wake hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima na ubongo wake bado unakua.

Kwa hiyo nauangalia mchoro wako kwa jicho langu. Karasha la taya litatoa vumbi, hata kinu kikiwa cha maji. Liwekewe kifuniko mdomoni, na vinyunyizio vya maji pale jiwe linapoingia na pale linapodondokea mkanda. Chekeche lifunikwe. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu. Imwagiwe maji na ikokotwe, na maji hayo yaelekezwe kwenye bwawa la tope, yasiachwe yakimbilie mfereji wa mtaa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili, kwa hiyo panahitajika barakoa yenye chujio lililotengenezwa kwa ajili ya chembe ndogo. Wafanyakazi wavue nguo za kazi hapo hapo kazini, waoge, na nguo zifuliwe huko huko. Mtu anayembeba mwanawe akiwa na ovaroli ya kazi anampelekea risasi nyumbani. Kula na kuvuta sigara karibu na kinu kukatazwe kabisa. Kila mfanyakazi apimwe damu kabla ya kuanza kazi, kisha kila baada ya muda, ili kupanda kwa kiwango kuonekane kabla ya maumivu ya tumbo na udhaifu wa viganja kujitokeza. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, wanayo mamlaka juu ya sehemu ya kazi ya namna hii, na ni vyema mteja awafuate wakati mtambo ungali kwenye karatasi.

Na karakana yako pia, Fundi. Pale ulipovunjia vile vipande kwa nyundo, pasafishwe kwa maji.

GiaNaBeringi (Themi, Arusha)

Nijibu la kasi na mota, kwa kuwa halijaguswa bado.

Kila kinu kina kasi ambayo gololi hugandamana na ukuta na kuzunguka nacho bila kuanguka. Kasi hiyo kwa mizunguko ya dakika moja hupatikana kwa kugawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha ndani cha kinu kikitolewa kipenyo cha gololi, vyote kwa mita. Kinu cha kipenyo cha mita 1.2 chenye gololi za milimita 60 kitapata 42.3 kugawanya kwa kipeuo cha 1.14, ambayo ni mizunguko 39.6. Vinu huendeshwa kati ya asilimia 65 na 80 ya hapo. Ukichukua 75, kinu chako kitazunguka mara 30 kwa dakika. Kwa galena mimi ningeshuka hadi 70 na kutumia gololi ndogo zaidi, kwa sababu kasi ya chini huzifanya gololi ziviringike na kusugua badala ya kurushwa na kugonga. Kipenyo kipimwe juu ya laina (tabaka la kinga lililo ndani ya kinu), si juu ya bamba la nje.

Kinu cha mita 1.2 kwa urefu wa mita 1.5 kina ujazo wa takriban mita za ujazo 1.7. Ukijaza gololi asilimia 35 utahitaji tani 2.7 hivi. Kwa tani moja kwa saa hadi mikroni 75, kazi yenyewe ni kilowati 13 hivi kwa hesabu aliyoitoa Mchenjuaji, ila mzigo wa gololi, hasara za gia na mkanda, na hasa nguvu ya kuwasha kinu kikiwa kimelala na mzigo wake, vitakusukuma kwenye mota ya kilowati 22 ya umeme wa njia tatu. Usifunge mota moja kwa moja bila klachi au kianzishi cha polepole. Tope la galena lililotulia usiku kucha chini ya kinu huwa kama zege, na mota huungua kwa jambo hilo kuliko kwa kazi ya mchana. Kinu kisimamishwe baada ya kupitisha maji matupu kwanza.

Laina za mpira zinatosha kwa ukubwa huu na ni nyepesi kwa beringi. Gololi ziwe za chuma kilichofuliwa au cha kalibu chenye kromu. Vipande vya nondo vilivyokatwa huchakaa vibaya na kuacha chuma kingi kwenye tope.

FundiWaKaranga (Moshi)

Nawashukuru sana wote, na Mzee nakusalimu kwa heshima. Karakana tumeshaimwagia maji na kuipiga deki, na la mashine ya mahindi nimeshamweleza mteja kwamba halipo. Amelipokea vizuri baada ya kusomewa habari za Zamfara.

Mteja sasa ana hoja mpya. Anasema mnunuzi wake anataka risasi tu, kwa hiyo mtambo uishie kwenye jigi na meza, zinki iende na marudio, na marudio yasambazwe kwenye korongo lililo karibu. Pia anauliza kama anaweza kusaga mawe mfululizo wakati huu ambapo umeme ni wa uhakika, akaweka unga kwenye magunia kusubiri hatua ya povu atakapopata fedha za kununua seli. Nimjibu vipi?

MaabaraSakina (Arusha)

La kuhifadhi unga kwenye magunia, mjibu kwamba hapana. Galena na sfaleriti ni misombo ya salfa. Zikishavunjwa na kukutana na hewa na unyevu, nyuso zake mpya huanza kuoza kikemia. Dawa ya zantheti inayoifanya galena ishikane na povu hufanya kazi kwenye nyuso safi, na unga uliokaa gunia kwa wiki kadhaa hutoa mavuno hafifu, tena huachia chumvi zinazoiamsha sfaleriti, yaani kuifanya ielee, wakati unaitaka ilale isielee. Ahifadhi mawe yaliyovunjwa tu, chini ya paa, na asage siku ile ile atakayoyapitisha kwenye povu.

Utaratibu wenyewe wa povu unagusa kinu chako, Fundi, kwa hiyo uujue. Salfeti ya zinki ya kuilaza sfaleriti mara nyingi hutiwa kinuni moja kwa moja, ili ikutane na nyuso mpya pale pale zinapofunguka. Risasi ikishaelea na kuondolewa, hutiwa salfeti ya shaba, ambayo huiamsha sfaleriti nayo ielee, huku chokaa ikiongezwa kuilaza pairiti, madini ya chuma na salfa. Kwa hiyo kwenye mdomo wa kinu acha nafasi ya bomba dogo la dawa. Migodi mingi hutumia pia sianidi ya sodiamu kwa kazi ya kulaza zinki, lakini kwa mtambo wa ukubwa huu ningeanza majaribio bila hiyo. Kemikali hizi zote ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mteja atahitaji kusajiliwa kabla ya kuziagiza.

Kuhusu marudio, asiyamwage korongoni kwa namna yoyote. Bado yatakuwa na risasi iliyopotea, na kama mawe yana pairiti, mvua itayageuza kuwa chanzo cha maji ya tindikali yanayobeba metali hadi kwenye visima. Mpanda pamewahi kuwa na mgodi wa risasi, uliosababisha reli ijengwe kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, na watu wa kule wanaishi na kulima kando ya mabonde hayo hayo. Marudio yakae kwenye bwawa lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Zaidi ya usalama, humo ndimo ilimo zinki yake. Akiyatunza yakiwa yametengwa na udongo mwingine, siku akipata seli atayarudia.

Kabla hamjakata bamba, fanyeni jaribio hili. Mteja achukue mawe kutoka sehemu mbalimbali za duara (shimo) lake, si yale yanayong'aa peke yake, hadi yafike kilo 50 hivi. Yavunjwe yote hadi milimita 2, yachanganywe kwenye turubai, yagawanywe robo kwa robo mpaka zibaki sehemu ndogo za kilo moja moja zinazolingana. Kila sehemu isagwe kwa maji katika kinu kidogo cha maabara kwa muda tofauti, tuseme dakika 5, 10, 20 na 40, kisha tope lichekechwe kwa nyungo za mikroni 300, 150, 75 na 38. Kila tabaka likaushwe, lipimwe uzito, na lipimwe risasi, fedha na zinki peke yake. Tabaka la chini ya mikroni 38 ndilo la kulitazama kwa makini. Mkiona risasi inahamia humo kwa haraka kutoka dakika 10 hadi 20 huku zinki ikibaki kwenye matabaka ya juu, mtajua kwamba galena imeshaachana na inapondwa bure. Chukueni pia chembe za kila tabaka mzitazame kwa darubini: zenye rangi mbili zilizogandana bado hazijaachana, zenye rangi moja zimekwisha.

Fuatilieni fedha kando na risasi. Ikipanda na kushuka pamoja na risasi katika kila tabaka, imo ndani ya galena na mtaipata mkiipata galena. Ikienda kivyake, kuna madini mengine ya fedha humo, na pengine sehemu yake itahitaji kusagwa zaidi baada ya risasi kuondolewa. Katika hali hiyo msiyasage upya mawe yote yaliyoingia mtamboni, bali bidhaa ghafi ya povu peke yake, ambayo huwa sehemu ndogo ya tani iliyoingia, kwa kinu kidogo cha pili. Fundi, ukiacha nafasi ya kinu hicho kwenye sakafu na kwenye ubao wa umeme tangu sasa, hutabomoa kitu baadaye. Matokeo ya maabara yakitoka, yaweke hapa pamoja na uzito wa kila tabaka, tukokotoe ulaini na tupange urefu wa kinu upya kabla hujaagiza gololi.